Ziada ya nafaka na njaa kwa pamoja: inawezekanaje?

Umeuliza inakuwaje nchi ivune ziada na bado kaya zilale njaa. Chakula kuwepo nchini ni jambo moja, kaya kumudu kukipata ni jingine. Mkulima mwenye deni la mbegu na ada za shule huuza wakati wa mavuno, bei ikiwa chini kabisa, kisha miezi michache baadaye hununua nafaka ileile kwa bei ya juu. Inauma, maana kinga yake inajulikana: mkopo mdogo unaodhaminiwa na magunia yaliyoko ghalani.

Ila ghala halisaidii mahindi yasipokauka hadi unyevu wa asilimia 13 hivi. Huna kipimo? Tia punje na chumvi kavu kidogo kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa dakika chache, acha zitulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu bado umezidi asilimia 15. Ukihifadhi hivyo, ukungu huzalisha sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Yakishakauka, tumia mifuko yenye tabaka kadhaa isiyopitisha hewa: kamua hewa yote, funga kila tabaka peke yake. Tundu dogo tu huingiza oksijeni na wadudu kama dumuzi huendelea kula.