Kidonda cha Mama Hakikupimwa: Je, Ni Uzembe?

SWALI: Mama ana kidonda cha muda mrefu mguuni. Muuguzi alikikagua, akakataa kuchukua sampuli kwa kijiti cha pamba. Je, si uzembe?

JIBU: Sioni uzembe hapo. Kidonda cha muda mrefu hakikosi bakteria, hivyo kipimo kitawaonyesha hata wasipoleta madhara, na mgonjwa ataishia kumeza dawa asizozihitaji. Maambukizi hutambuliwa kwanza kwa kumkagua mgonjwa: joto, uvimbe, maumivu yanayozidi, usaha, homa, na wekundu unaotanuka, ambao kwenye ngozi nyeusi hauonekani kwa urahisi. Dalili hizo zikiwapo, kipimo husaidia kuchagua dawa, hasa ile ya kwanza isipofaa.

Kinachoharibiwa mara nyingi ni namna ya kuchukua sampuli. Kidonda husafishwa kwanza, kisha kijiti huzungushwa kwa kukandamizwa kwenye nyama hai, eneo la sentimita 1 ya mraba kwa sekunde 5 hivi, hadi majimaji ya ndani yatoke. Kufuta usaha wa juujuu ni kazi bure. Ichukuliwe kabla ya kuanza antibiotiki, inapowezekana. Majibu huchukua siku kadhaa, lakini mwenye homa kali asicheleweshewe tiba kwa kuyasubiri.