Usimlipie nauli mtu aliyeandika "nipo"

Dada mleta uzi, usitume hiyo hela kesho. Hata kama umeshamwahidi mwenye basi, mpigie mwambie asubiri.

Kwa wanaoingia sasa bila kusoma ya juu: dada ni mratibu wa kujitolea wa kikundi cha matembezi hapa Dar. Wanataka kwenda maporomoko ya Sanje, Udzungwa. Kundi lao la WhatsApp limejaa watu walioandika "nipo". Mwenye Coaster anadai nusu ya malipo, na dada anataka kuitoa kwenye hela aliyoitunza ya kodi ya nyumba, halafu wenzake wamrudishie mshahara ukitoka. Ameuliza pia kuhusu viatu, chakula, usajili wa kikundi, na namna ya kuwapata watu wa kujitolea ambao hawatachoka baada ya safari moja.

Hiyo ya kodi ya nyumba imenichoma. Wote humu tunajua kodi ya Dar, mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, na hataki kusikia habari za maporomoko. Sisi tulipita njia hiyo hiyo, tena kwa safari hiyo hiyo, Chalinze, Morogoro, Mikumi, Kidatu hadi Mang'ula. Na aliyetufundisha kufanya hivyo alijua vizuri anachofanya. Nitamfikia.

Nilikuwa mratibu na mweka hazina kwa pamoja. Orodha ilijaa Coaster nzima, wengine wakaanza kuomba tuongeze na Noah. Tukalipa basi lote. Tukalipa vyumba vya gesti Mang'ula, kwa sababu mwenye gesti alikataa kushikilia vyumba vya wikiendi kwa maneno matupu. Tukapeleka idadi ya kiingilio cha hifadhi, tukapewa namba ya malipo, tukalipia vichwa vyote ili tusihangaike na mtandao wa simu tukifika getini. Sehemu kubwa ya hela hiyo ilikuwa mkopo wangu wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na VICOBA wanataka riba, safari imefana haijafana.

Saa kumi alfajiri tuko Ubungo. Simu zinaita, hazipokelewi. Mmoja kaandika ameamka na homa. Mwingine kaitwa kazini ghafla. Mwingine ana msiba, na msiba huwezi kuuhoji. Waliobaki hawakuandika chochote, ujumbe unasomwa, kimya. Dereva anaungurumisha gari anasema foleni ya Kibaha haitusubiri sisi. Tukaondoka, viti karibu nusu vitupu, watu wameweka mabegi juu yake.

Hao waliobaki nyumbani hawakuwa matapeli, nataka uelewe hilo. Mtu yuko kwenye mwendokasi amebanwa, anaona picha ya maji yanayoanguka mita 170 katikati ya msitu, roho inasuuzika, anaandika "nipo". Siku ile alikuwa anataka kwenda kweli. Mwisho wa mwezi unafika na ada ya shule, umeme, mgonjwa wa kijijini, na safari ndiyo kitu cha kwanza kukatwa. Ningekuwa yeye ningekata hivyo hivyo. Shida ni kwamba wewe ulishamlipia.

Sasa sikia palipoharibika. Usiku ule pale Mang'ula ilibidi niitishe kikao, niwaombe waliokuja waongeze hela. Sikuwa na jinsi, dereva alikuwa anadai salio lake la kurudi na mwongozaji wa kesho hajalipwa. Yaani aliyetimiza ahadi, akaamka usiku, akaja, ndiye anaombwa alipe zaidi kwa sababu ya mtu aliyelala kwake Kimara.

Kati yao alikuwepo mama mmoja, muuguzi, mtu mzima. Kila safari alijitolea begi la huduma ya kwanza, bandeji ananunua kwa hela yake, na alitembea mwisho kabisa pamoja na wale wanaochoka ili wasijione wameachwa. Alikuwa amelipa mapema kuliko wote. Akaombwa aongeze, akaongeza, hakusema neno. Kesho yake akapanda hadi juu Sanje, kijana mmoja akateleza kwenye mawe mabichi akateguka kifundo cha mguu, mama akamfunga, akashuka naye hatua kwa hatua mpaka chini, anamsimulia habari za wajukuu ili asahau maumivu. Tuliporudi Dar akaaga kikundi. Nilimpigia. Nilienda hadi kwake Tabata. Akanikaribisha chai, akaniambia hana kinyongo na mimi, ila hawezi tena kuwalipia watu asiowajua. Hajarudi. Mkopo wa VICOBA niliumaliza, lakini mtu kama yule sijampata mpaka leo, na kikundi hakijampata.

Umeuliza watu wa kujitolea wanapatikanaje. Dada, wanapatikana. Wanaopotea wanapotea kwa namna hii.

Watu wengi hawaioni hesabu yake mpaka iwaume. Safari ina gharama za kichwa na gharama za kundi. Kiingilio cha hifadhi ni cha kichwa, chakula ni cha kichwa. Basi ni la kundi, mwongozaji ni wa kundi. Tuseme Coaster ni laki tisa. Mkiwa 25, kila mtu 36,000. Wakitokea 15, basi halipunguzi hata shilingi, sasa ni 60,000 kila mtu. Hiyo 24,000 ya juu itatoka mfukoni mwa aliyekuja, au itatoka kwenye kodi yako ya nyumba. Hakuna mfuko wa tatu.

Haya, aliyetudanganya. Tulikutana naye kwenye matembezi ya vikundi kadhaa kule Pugu. Kiongozi wa kikundi kikubwa, jina lake na la kikundi chake sitayataja. Alikuwa na maneno matamu na sisi tulikuwa wachanga. Akatuambia funga basi kwanza, watu wa Dar wakiona basi limelipiwa wanaingia wenyewe. Akatuambia tufanye kama kamati ya harusi, pokea ahadi, lipia ukumbi, fuatilia michango baadaye. Na kwa upendo wake akatuunganisha na mwenye Coaster "wa kuaminika". Baada ya safari, dereva mwenyewe ndiye aliyetuambia kwamba yule bwana ana chake kwa kila kikundi anachopeleka. Basi likifungwa, yeye keshakula. Mkijaa, msijae, halimhusu. Mpaka leo nikikumbuka alivyonipiga bega na kusema "uongozi ni kuthubutu, mdogo wangu" damu inachemka. Kama angesema wazi kwamba yeye ni dalali ningemheshimu, udalali ni kazi. Alikuja kama kaka.

Na mfano wenyewe wa harusi alitupa nusu. Ni kamati gani hapa Dar inakupa kadi ya mwaliko kabla hujamaliza mchango? Utapigiwa simu, utatumiwa ujumbe kila Jumapili, kikao kitakaa, ila kadi inakaa kwa katibu mpaka hela iingie. Tena harusini pengo likibaki, wazazi wa bwana harusi watauza hata kiwanja wasiaibike. Safari ya Sanje haina wazazi.

Kwa hiyo sheria yetu sasa ni moja, na nakuomba uichukue kama ilivyo: jina haliingii kwenye orodha mpaka hela imeingia. Siyo "nimekuwekea nafasi utanitumia kesho". Hapana. Orodha inayobandikwa kwenye kundi ni ya waliolipa tu, na wengine wote ni wapenzi watazamaji, tunawapenda, karibuni tena. Haimwachi mwenyekiti, haimwachi shemeji, haimwachi yule anayechekesha watu kwenye basi mpaka mnahisi bila yeye safari hainogi. Huyo wa kuchekesha ndiye wa kumbana kwanza, kwa sababu akisamehewa yeye kila mtu ameona.

Kwetu inakwenda hivi. Safari inatangazwa mapema, miezi miwili hivi, na mtu anaruhusiwa kulipa kidogo kidogo, hata elfu tano kila wiki. Tarehe ya mwisho inatajwa siku ya kwanza na haisogei. Siku hiyo ikifika tunahesabu waliomaliza, na hapo ndipo tunapiga simu ya gari. Wakiwa wengi, Coaster. Wakiwa wachache, Hiace. Wakiwa watano, Noah, na safari za Noah ndizo zilizonipa marafiki wa kweli. Aliyelipa akapata dharura anaweza kumpa mtu mwingine kiti chake, ila hela ya gari hairudi kwa sababu imeshakuwa gari. Na ukitoa namba ya kupokelea, andika wazi kwamba watume na ya kutolea. Ukipokea watu ishirini bila ya kutolea, umeshawachangia wote bila kujua.

Hela isikae kwenye simu yako. Najua unaaminika, hata mimi nilikuwa naaminika. Lakini hela ya kikundi ikikaa kwenye simu moja na hela ya mboga, siku Luku imekata usiku utaichokonoa ukijua utarudisha. Fungueni akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, au mtumie akaunti ya kikundi ya simu kama M-Koba. Benki watawadai katiba na muhtasari wa kikao, na hapo swali lako la usajili linajijibu: nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii mkitaka kuwa kikundi cha kijamii, au Baraza la Michezo la Taifa mkitaka kuwa klabu ya michezo.

Kuna aliyeandika hapo juu kwamba utaratibu wa namna hii unafukuza wenye kipato kidogo. Ndugu yangu, wenye kipato kidogo ndio walioumizwa na kikao changu cha Mang'ula. Kijana wa duka aliyejinyima ili apate hela ya safari ndiye hakuwa na ya kuongeza, na aliazima mbele za watu. Kulipa kidogo kidogo kunamsaidia yeye kuliko mtu yeyote. Kwenye kundi letu wananiita TRA, kama wale wakusanya kodi. Naitika.

Kama unaona Sanje ni kubwa mno kwa safari ya kwanza, anzeni na milima ya Uluguru, Morogoro. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024, hii ndiyo safari rahisi kuliko zote kwa mratibu, kwa sababu kila mtu anakata tiketi yake mwenyewe. Mnakutana stesheni Morogoro, mnapanda taratibu hadi Morningside, ile nyumba ya enzi za Wajerumani, mnakula mlichobeba, mnashuka. Asiyetokea amepoteza tiketi yake. Wewe hujadaiwa na mtu, na jioni ukirudi bado una hamu ya kuratibu nyingine.

Ile ya Kilimanjaro mwakani kupitia Marangu uliyoigusia mwishoni, hapo ndiyo usithubutu kabisa kwa ahadi. Hampandi bila kampuni yenye leseni, na kule karibu kila kitu kinahesabiwa kwa kichwa na kwa usiku: kiingilio, kitanda cha Mandara, cha Horombo, cha Kibo, wapagazi, waongozaji. Ukishikilia kitanda cha mtu asiyekuja umepoteza hela ambayo hata VICOBA hawakukopeshi.

Viatu: vyenye meno chini, uvivae wiki kadhaa kabla, mitumba ya Karume inatosha kabisa. Njia ya Sanje ina sehemu za ngazi na mawe yenye maji, raba laini zitawaangusha, na msiende wakati wa masika.

Sasa nenda kwenye kundi lako uandike hivi, usibadilishe kitu: "Wapendwa, basi la Sanje halijalipiwa na halitalipiwa kwa ahadi. Mwisho wa kumaliza malipo ni tarehe fulani saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo nitahesabu majina ya waliomaliza na kutafuta gari linalowatosha. Asiyekuwemo tutaonana safari ijayo." Weka tarehe, tuma, zima simu, lala. Asubuhi utakuta wawili wamejitoa kwenye kundi na watatu wametuma hela.

Mwenye Coaster akikuambia kwamba kuna kikundi kingine kinalitaka gari wikiendi hiyo, mwambie awape. Dar hii hatujawahi kukosa gari tukiwa na hela mkononi.