Maswali na majibu: Sala ya Wayahudi kwa watawala na watunga sheria

Niliandika hapa kuhusu sala ambayo Wayahudi huwaombea watawala hekima na nchi amani, na maswali yamemiminika. Nimechagua machache.

Ni wapi katika Torati Mungu ameagiza kuiombea serikali? (Msomaji, Tanga)

Si katika Torati. Agizo limo katika kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 29, kwenye barua aliyowaandikia mateka walioko Babeli. Wengi hukariri mstari wa 7 peke yake: “Kautakieni amani mji ule, ambao nimewafanya mchukuliwe mateka, mkauombee kwa Bwana, kwa maana katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani.” Ukiusoma bila kujua mji wenyewe ni upi, hujausoma. Ni mji wa Nebukadreza, mtu aliyewang'oa kwao. Na mistari miwili kabla, nabii anawaambia wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale matunda yake. Kwa hiyo sala hii haikuzaliwa kwa kumpenda mtawala. Ilizaliwa kwa watu waliojua kwamba mji ukiwaka moto, nyumba zao zimo humo humo.

Karne nyingi baadaye Rabi Hanina, naibu wa kuhani mkuu, alisema: ombeeni amani ya serikali, kwani kama si kuiogopa, watu wangemezana wakiwa hai. Serikali ya zama zake ilikuwa Roma, ile ile iliyolichoma Hekalu mwaka 70.

Nitumie maneno ya Kiebrania nimsomee mgombea wangu wa ubunge ashinde.

Hapana. Hili ni swali la tano la namna hii mwaka huu, na jibu halijabadilika. Sala hii si dawa ya uchaguzi, na Kiebrania si hirizi. Anayekuuzia “maombi ya Kiyahudi ya ushindi” anakuibia, nawe usimpe hata senti.

Husaliwa lini, na wanaomba nini hasa? (Msomaji, Kisumu)

Asubuhi ya Sabato, baada ya kusoma Torati na kabla gombo halijarudishwa kwenye sanduku lake. Katika sinagogi nyingi watu husimama, na mmoja wao amelikumbatia gombo kifuani, limeshavikwa vazi lake, sala ikisomwa pembeni yake. Picha hiyo naipenda sana: jina la mtawala linatajwa mbele ya sheria iliyo juu yake.

Sala ya zamani, Hanoten Teshua, inaanza kwa kumtaja Mungu awapaye wafalme wokovu, maneno ya Zaburi ya 144. Ilienea kwa Wayahudi waliotoka Hispania na Ureno, na mwaka 1655 Menasseh ben Israel, rabi wa Amsterdam, aliitaja alipomwomba Oliver Cromwell, mtawala wa Uingereza wakati huo, awaruhusu Wayahudi kuishi tena Uingereza. Nchini Marekani mfalme aliondolewa katika sala, rais akaingia. Mwaka 1927 Louis Ginzberg, mwanazuoni wa Kiyahudi, akaandika sala mpya kabisa kwa ajili ya nchi hiyo. Humo viongozi wanaombewa wafundishwe kanuni za haki, na Mungu anaombwa ang'oe chuki na uadui, wivu na ushindani.

Kumbuka pia sala ya kila siku ya kazi, husaliwa mara tatu: “Turudishie waamuzi wetu kama hapo kwanza, na washauri wetu kama hapo mwanzo, utuondolee huzuni na kuugua.” Waamuzi wabaya na kuugua kwa watu vimewekwa katika sentensi moja. Aliyeitunga alikuwa anajua maisha.

Huku si kumvika mtawala kilemba cha ukoka?

Kunaweza kuwa hivyo, na mara nyingi kumekuwa hivyo. Lakini tazama kinachoombwa. Unayemwombea hekima umeshakiri kwamba imempungukia. Sulemani mwenyewe, kwenye 1 Wafalme 3, aliomba moyo wa kupambanua mema na mabaya kwa sababu alijiona mtoto mdogo asiyejua kutoka wala kuingia. Linganisha na maombi tunayoyasikia siku hizi kwenye hafla za kisiasa: dakika kumi za sifa kwa mgeni rasmi, na Mungu anapewa dakika moja ya mwisho. Hilo linaniuma, na nitaendelea kulisema.

Onyo jingine. Tarehe 1 Februari 1860 Morris Raphall alikuwa rabi wa kwanza kufungua kikao cha Baraza la Wawakilishi la Marekani kwa sala. Haukupita mwaka, Januari 1861, akahubiri New York kwamba Biblia haikatazi utumwa. Kusimama mbele ya watunga sheria na kuomba hakumfanyi mtu kuwa na hekima anayowaombea wengine.

Kwa hiyo wanaiombea Israeli tu?

Hapana, someni kabla ya kuuliza. Kwa kawaida kila jamii huiombea nchi inamoishi. Sala ya taifa la Israeli ni nyingine, ya mwaka 1948.

Afrika Mashariki kuna Myahudi aliyewahi kuwa mbunge? (Msomaji, Bukoba)

Yupo, na ni rabi. Gershom Sizomu, wa jamii ya Abayudaya, Wayahudi wa Uganda walio karibu na Mbale, alichaguliwa mwaka 2016 kuingia Bunge la Uganda kwa jimbo la Bungokho Kaskazini. Jamii hiyo ilianzishwa na Semei Kakungulu, kiongozi Mganda, mwaka 1919. Idi Amin alipiga marufuku dini yao, na waliobaki walisali kwa kujificha hadi alipoanguka mwaka 1979. Leo, anayesali Sabato karibu na Mbale anaiombea nchi ambayo bunge lake limewahi kumkalisha rabi wake.