Re: Mach3, GRBL au LinuxCNC kwa mashine ya kukata mbao? Kwanza kitufe chekundu

Mkuu ngoja kwanza. Hapo uliposema hela ya kitufe cha dharura unaihamishia kwenye spindo kubwa (mota inayozungusha biti ya kukatia) kwa sababu "programu ina Stop yake kwenye skrini" ndipo niliposhindwa kupita kimya. Rudisha hiyo hela. Leo.

Aliyeniuzia bodi ya kuendesha mashine aliniambia hivyohivyo. Dogo ana miwani, laptopu imefunguliwa, "bro GRBL ina kila kitu, ukibonyeza Stop inasimama", na demo akanifanyia ikasimama kweli. Alikuwa anakata hewa na spindo imezimwa, jamani.

Sasa iko hivi. GRBL, programu inayoongoza mota za mashine, inakaa kwenye Arduino, ile bodi ndogo ya elektroniki, programu ya laptopu kazi yake ni kutuma mistari ya jikodi (amri za mwendo) kwa USB, na mistari kadhaa inatunzwa kwenye bafa, kumbukumbu ndogo ya bodi, ikisubiri zamu. Ile Stop ya skrini nayo ni herufi tu inayopita kwenye waya uleule, alama ya mshangao ya kusimamisha mwendo au Ctrl-X ya kufuta kazi yote. Mawasiliano yakikatika herufi haifiki, ila mistari iliyokwisha kuingia inatekelezwa kama kawaida na spindo haizimi.

Mimi nilikuwa nakata mninga wa mlango wa mteja, mstari mmoja mrefu ulionyooka, nikaona klampu ya chuma iko njiani kabisa, bado kama nusu mita. Nikasema hamna shida, Stop. Wapi! Inveta ya spindo ya 2.2 kW, yaani kifaa kinachoilisha umeme na kupanga kasi yake, inamwaga kelele za umeme, waya wa USB umepita ubavuni mwake, mawasiliano yamekufa, skrini imeganda inaonyesha Run. Nabonyeza Stop, nabonyeza spacebar, nabonyeza mpaka cha kuongeza sauti, na gantri, lile daraja linalobeba spindo, inakuja taratibu kama bwana harusi. Biti ikakatika, nati ya koleti (kishikio cha biti) ikaivaa klampu spindo ikiwa kwenye mizunguko 18,000 kwa dakika, shafti ikapinda, stepa (mota za kusogeza) zimekwama zinanguruma lakini hesabu kwenye bodi inaendelea tu kusoma kwamba zinasogea, maana hazina enkoda ya kupima zilikofika, GRBL inajua ilichoagiza haijui kilichofanyika. Nilichomoa plagi ukutani baada ya kuruka makopo ya vanishi, na kwa kitambi hiki mruko ulikuwa mzuri, msinicheke.

Kumrudia yule dogo, "hiyo noise bro, tumia waya wenye shildi". Sawa, tumia, shildi ifunge kwenye ethi upande mmoja na utenganishe na waya za spindo, lakini hiyo inapunguza tatizo hailimalizi. Na mbona siku ya kuuza hakusema? Taa za rangirangi za boksi alikumbuka kuniuzia!

Kwa hiyo kitufe KISIPITE kwenye programu yoyote. Hata ile pini ya Abort ya kwenye bodi hapana, inasomwa na Arduino hiyohiyo. Chukua kile chekundu cha uyoga kinachojifunga ukikigonga, aina ya NC, yaani hata waya ukikatika wenyewe mashine inasimama, kipitishe kwenye koili ya kontakta (swichi kubwa inayoendeshwa na umeme), na kontakta ikate umeme wa pawasaplai ya draiva za stepa pamoja na umeme UNAOINGIA kwenye inveta. Usikate kati ya inveta na spindo ikiwa inazunguka, utaichoma inveta. Weka na kitufe cha kijani cha kuwashia ili ukiachia chekundu mashine isiondoke yenyewe. Spindo itazunguka kidogo mpaka ichoke, Z (mhimili wa juu-chini) nzito inaweza kushuka ikikosa umeme, mikono mbali. Ukiwasha tena fanya homing kwanza (mashine irudi kwenye sifuri yake), pozisheni ya zamani imeshapotea hata kama skrini inaonyesha namba nzuri.

Na Mach3 au LinuxCNC, zile zinazoendesha mashine kutoka kwenye PC yenyewe? Mach3 ya paralel poti (tundu la zamani la printa) haiendi kwenye Windows ya biti 64, LinuxCNC inataka kernel ya real-time (kiini cha Linux kisichochelewesha amri) na PC ya mezani ndiyo inaelewana nayo zaidi. Chagua unayoiweza, kompyuta ikiganda zote ni ndugu.

Tupia hapa picha ya wayaringi kabla hujaunganisha hiyo spindo, na chora kitufe kiko upande gani, maana kama kiko nyuma ya gantri utakifikiaje?