Bibi, nipande treni niende Dar kutafuta bingwa?

*Mbukwenyi Bibi, na shikamoo. Mimi ni dereva wa lori la mahindi, miaka 44, nyumbani ni Nkuhungu hapa Dodoma. Nina mke na watoto watatu. Tangu mwaka jana jogoo hapandi mtungi. Mwanzoni nilidhani ni uchovu wa safari. Nikatumia vumbi la Kongo, likasaidia mara mbili lakini kichwa kiligonga, uso ukawaka na pua ikaziba. Mara ya tatu halikufanya kitu. Nikishusha mzigo Dar nakunywa supu ya pweza, karanga mbichi na mihogo natafuna njia nzima. Mke wangu anasema nina nyumba ndogo. Nimeona tangazo la kliniki moja huko Dar, wanataka laki nne kwa dozi nzima na wanasema vipimo havina haja. Rafiki yangu ananiambia bingwa wa kweli yuko India. Nina presha, huu mwaka wa pili natumia vidonge. Siku hizi hata kuendesha kumekuwa tabu, nasimamisha gari kila mara kukojoa, na maji namaliza chupa baada ya chupa, nadhani ni hili joto. Bibi, bingwa wangu ni yupi? – Dereva wa Nkuhungu*

Marahaba mjukuu wangu. Umekuja pazuri. Haya mambo mtu hamwambii mama yake, lakini bibi ni mtani, anaambiwa na hashtuki. Na mimi kabla ya kuzeeka nilivaa gauni jeupe la unesi miaka mingi, kwa hiyo hakuna ulichoandika ambacho sijawahi kukisikia nyuma ya pazia la wodi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara mbili za kwanza nilikuwa na wewe kwenye jogoo na mtungi. Mara ya tatu nikakwama kwenye ile sentensi ya mwishoni uliyoipachika kama mtu anayeaga: kukojoa kila mara, maji chupa baada ya chupa, unadhani ni joto. Mjukuu wangu, joto la Dodoma nalijua, limenikausha ngozi tangu nikiwa binti. Mtu anayekunywa maji kwa sababu ya joto, jasho huyachukua yale maji. Hasimamishi lori kila kichaka. Anayekunywa sana na kukojoa sana, tena ana presha, tena ana miaka 44 na kazi ya kukaa kwenye kiti kutwa, huyo kwanza apimwe sukari. Usisubiri bingwa wa aina yoyote. Kipimo ni tone la damu ya kidole, na vituo vya afya vingi wanacho.

Nenda asubuhi bila kula wala kunywa chai. Kama namba itafika 7.0 au kuzidi, na ikarudiwa siku nyingine ikawa hivyo hivyo, hiyo ni kisukari. Ukipimwa ukiwa umekula, na dalili hizo unazo, 11.1 kwenda juu inatosha kumfanya daktari aseme jina la ugonjwa. Ikiwa iko chini, tutakuwa tumepoteza asubuhi moja tu.

Kwa nini naanza na sukari wakati wewe umekuja na habari za chumbani? Kwa sababu kusimama kwa uume ni kazi ya damu. Mishipa hulegea, damu huingia kwa wingi, kisha hufungiwa mle ndani. Sukari ya muda mrefu huharibu mishipa hiyo ya damu na pia mishipa ya fahamu inayotoa amri. Presha nayo hukakamaza, sigara pia. Na mishipa ya uume ni myembamba, milimita 1 hadi 2, wakati ile ya moyo ni kama milimita 3 hadi 4. Uchafu uleule ukijenga ukutani, ule mwembamba huziba kwanza. Ndiyo maana kwa wanaume wengi shida hii hutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka kadhaa. Jogoo wako ameshindwa kupanda mtungi, lakini kuwika anawika, na anakuwikia wewe.

Nitakuambia la kwangu. Marehemu babu yenu alikuwa mtu wa reli. Miaka miwili alilala amegeukia ukutani, na mimi nikawa na uhakika kuna mwanamke Manyoni. Nilimtafuta mwanamke huyo mpaka nikachoka. Kisha kidole cha mguu kikapata kidonda cha kiatu, kikagoma kupona, na walipompima sukari ilikuwa 21. Kidole kilikatwa. Akiwa kitandani hospitali ndipo aliponiambia, akitazama dari, kwamba ule ukuta aliougeukia ulikuwa aibu tu. Miaka miwili, mjukuu wangu! Angesema mwezi wa kwanza, kidole angekuwa nacho.

Sasa vidonge vyako vya presha. Hukuniandikia majina yake, na daktari atayataka, kwa hiyo beba maboksi yenyewe. Baadhi ya dawa za presha, hasa bendro na zile za jamii ya atenolol, zinajulikana kupunguza nguvu kwa wanaume wengine. Zipo nyingine, kama losartan, ambazo hazina sifa hiyo. Lakini nakukanya: usiziache mwenyewe ili ujaribu. Presha ikipanda ukiwa kwenye kona za Gairo na tani 30 nyuma yako, hilo tatizo halitakuwa la chumbani tena. Mwambie daktari neno lililonyooka, “nina tatizo la nguvu za kiume, je, hizi dawa zinahusika?”, halafu yeye abadilishe.

Hilo vumbi la Kongo limenichekesha na kunitisha. Kichwa kugonga, uso kuwaka, pua kuziba: hayo ni maudhi yanayojulikana ya sildenafil, kidonge cha hospitali. Wadhibiti wa dawa wa nchi mbalimbali wamekuwa wakikamata unga na vidonge vinavyoitwa vya mitishamba, wakivipima wanakuta sildenafil imechanganywa kimyakimya. Siwezi kuapa kwamba wako ulikuwa hivyo, lakini dalili zako zinanong'ona. Ubaya wake ni kwamba hujui kipimo. Leo umelamba kidogo, kesho mara tatu. Na mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, zile za kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, akichanganya na hiyo, presha huporomoka na anaweza kufa kitandani. Supu ya pweza endelea nayo ukipenda, ni kitoweo kizuri. Haitibu mshipa ulioziba.

Ile kliniki ya laki nne isiyotaka vipimo usiikanyage. Anayekupa dozi bila kukupima presha, bila sukari, bila kukuuliza unatumia dawa gani, huyo ni muuzaji.

Bingwa unayemtafuta anaitwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, yuleyule wa tezi dume na mawe ya figo. Usipande treni. Anza kituo cha afya ulikoandikiwa dawa za presha, upime sukari, uombe barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tunayoiita General, au Benjamin Mkapa kule Ng'hong'honha, jirani na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Hao wa Mkapa wanapandikiza figo tangu 2018, na mwaka 2023 walitangaza kuanza kuwawekea wanaume vipandikizi vya uume. Wewe unatafuta India, na kitu kikubwa kuliko vyote katika tiba hii kinafanyika kilomita chache kutoka kwako! Ikitokea wakaona unahitaji Muhimbili ya Dar au KCMC ya Moshi, watakuandikia wao. Kama una bima, uliza dirishani mapema nini inalipa na nini haigusi.

Najua unachoogopa: dirisha la mapokezi, na binti wa umri wa mwanao akiuliza kwa sauti “unaumwa nini baba?” Mjibu “kliniki ya mkojo”. Basi. Benchi la kliniki hiyo limejaa wazee wa tezi dume, hakuna atakayejua wewe umefuata nini. Ukishaingia na mlango umefungwa, ndipo useme yote. Daktari atakuuliza kama alfajiri huwa unaamka umesimama. Usicheke, ni swali zito. Kama alfajiri yuko sawa na usiku anagoma, kichwa na mawazo vina mkono. Kama hata alfajiri kimya, wanatafuta mwilini. Atakukagua, na huenda akaagiza mafuta ya damu na homoni ya kiume, ambayo hupimwa asubuhi. Usikubali mtu wa jimu akuchome homoni hiyo kabla ya kipimo: kama yako haikupungua haitakufaa, na hukausha mbegu za uzazi.

Akikuandikia sildenafil, kwenye duka la dawa lililosajiliwa gharama yake haitakaribia hata kidogo hiyo laki nne. Watu wengi husema “dawa imekataa” kumbe wameimeza vibaya. Inataka kama saa moja kabla. Ukitoka kushiba kiti moto au nyama ya mnada wa Msalato, mafuta huichelewesha. Na haisimamishi kitu chenyewe kama swichi. Bila mahaba na mkeo haifanyi kazi. Ijaribu siku kadhaa tofauti, kwa kipimo alichosema daktari, kabla ya kuhukumu. Ipo na tadalafil, ambayo hukaa mwilini hata saa 36, haina haraka ya saa. Ikitokea umesimama zaidi ya saa 4 na haulali, kimbia hospitali usiku huohuo. Vidonge vikishindwa kabisa kuna pampu ya kuvuta damu, kuna sindano ya pale pale kwenye uume, na mwisho ndiyo hivyo vipandikizi. Wengi hawafiki huko. Wenye sukari wakiishusha na kutembea kila siku, vidonge huwasaidia vizuri zaidi.

Limebaki la mkeo, na hapa nitakugombeza. Umemnyamazia mwaka mzima, ulitaka awaze nini? Mwanamke akigeuziwa mgongo hufikiri mambo mawili: kuna mwingine, au mimi nimeisha. Yote mawili yanamla. Mwambie leo, na usimwambie chumbani taa ikiwa imezimwa. Kaeni uani watoto wakishalala, useme hivi: “Mama watoto, sina mwanamke. Mwili wangu una shida na naona aibu. Nataka twende wote hospitali.” Atalia kidogo, pengine atakutukana kidogo pia, mwache. Kisha muende wote. Wanawake hukumbuka tarehe na majina ya dawa kuliko nyinyi, na yeye ndiye atakayekupikia mlenda na kukupunguzia ugali na soda kama sukari itakuwa juu.

Basi kesho lori lisiondoke alfajiri. Lala bila kula tena baada ya chakula cha jioni, asubuhi usiguse chai, nenda ukapimwe, halafu niandikie ile namba.