Naamka saa tisa usiku, usingizi haurudi

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 43. Tangu Ramadhani iliyopita nalala vizuri saa nne usiku, lakini ikifika saa tisa macho makavu hadi adhana ya alfajiri. Asubuhi mwili mzito, napata nafuu kidogo alasiri. Vitambaa vya wateja vimerundikana. Chakula hakina ladha; suruali zangu mwenyewe nimezipunguza kiuno. Duka la dawa wananiuzia Valium. Nikimeza nalala, nikiacha inakuwa balaa. Jirani anasema nimechezewa. Kuna dawa gani ya usingizi yenye nguvu zaidi? – Fundi, Morogoro

JIBU: Marahaba, fundi. Umeuliza dawa ya usingizi, lakini kilichonishtua mimi ni hizo suruali. Mtu kupungua bila kukusudia, kazi anayoimudu ikamshinda, halafu asubuhi ndiyo ikawa saa mbaya kuliko zote: hapo siwazi usingizi peke yake, nawaza sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu. Mwenye wasiwasi mara nyingi husumbuka kuupata usingizi. Sonona mara nyingi humwacha mtu alale, kisha humwamsha saa mbili au tatu kabla ya wakati wake. Wapo pia wanaolala kupita kiasi, ila wewe si wa kundi hilo.

Tena usingizi mbovu na sonona huchocheana. Tafiti zilizofuatilia watu wasio na sonona zimeonyesha kwamba wenye tatizo la usingizi huwa na hatari ya kuipata baadaye karibu mara mbili ya wanaolala vizuri. Na anayetibiwa sonona akapona lakini usingizi ukabaki mbovu, ni rahisi ugonjwa kumrudia. Ndiyo maana nataka vyote viwili vitibiwe pamoja.

Valium haitibu sonona. Ndani ya wiki chache mwili huizoea, na ukiiacha ghafla usingizi hupotea kuliko mwanzo. Hilo balaa unalolisema ni mwili unaidai dawa, si dalili kwamba unahitaji yenye nguvu zaidi. Usiikatishe mwenyewe, daktari atakupunguzia kidogo kidogo. Na usiichanganye na pombe kabisa.

Kuhusu kuchezewa, sitagombana na jirani yako. Dua endelea nazo, na hospitali ya rufaa ya mkoa nenda, uulizie kliniki ya afya ya akili. Watakuuliza kuhusu wiki mbili zilizopita: huzuni, hamu ya mambo uliyoyapenda, chakula, umakini, na mawazo ya kufa. Hili la mwisho hukuliandika, nami nakuuliza waziwazi: je, kuna usiku umewaza bora usiamke, au ujidhuru? Kama jibu ni ndiyo, usingoje siku ya kliniki. Mwambie mkeo sasa hivi, mwende leo hii kitengo cha dharura.

Ukiandikiwa amitriptilini, dawa ya sonona ambayo hutumika sana kwetu, usingizi unaweza kutengemaa siku za mwanzo na kinywa kikakauka. Moyo kuchangamka huchukua wiki mbili hadi nne, pengine zaidi. Wengi huitupa wiki ya kwanza wakidhani haifanyi kazi, na hilo huniumiza sana kuliona.

Nyumbani, saa tisa ikikukuta macho, usigaegae. Toka kitandani, kaa sebuleni kwenye mwanga hafifu, simu iache, urudi usingizi ukija. Wakati wa kuamka uwe uleule kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya, na ukishaswali alfajiri usirudi kulala.

Kliniki nenda na mkeo, na ubebe pakiti ya hivyo vidonge. Yeye ndiye anayejua kama unakoroma hadi pumzi inakatika. Huo ni ugonjwa mwingine wa usingizi, nao huchosha mtu mchana kutwa akaonekana ana sonona. Daktari atataka kulisikia hilo kutoka kwake, maana wewe wakati huo umelala.