RNA, DNA na protini kutoka sampuli moja
Ukijiuliza kama kipande kimoja cha tishu kinaweza kutoa RNA na DNA (molekuli zinazobeba taarifa za kijenetiki) pamoja na protini bila kukigawa kwanza, jibu ni ndiyo. Tumia guanidini thayosayaneti (chumvi inayovunja seli na kufumua protini) na fenoli yenye asidi (kimiminika kinachojitenga na maji), njia ambayo Chomczynski na Sacchi waliichapisha mwaka 1987 kwa ajili ya RNA, na ambayo baadaye ilipanuliwa ili kupata DNA na protini pia. Ukishaongeza klorofomu na kuzungusha mchanganyiko kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi ili kutenganisha matabaka), RNA hubaki katika maji ya juu yasiyo na rangi, DNA hujikusanya zaidi kwenye utando mweupe wa katikati, na protini hupatikana kwenye utando huo na katika fenoli iliyo chini.

Kinachoamua ni pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi. Penye asidi, karibu na 4, DNA huyahama maji huku RNA ikibaki humo, lakini fenoli iliyorekebishwa hadi pH 8 huziacha zote mbili majini, kwa hiyo soma kibandiko cha chupa kabla hujamimina. Mimi huinamisha kichupa na kuacha maji kidogo juu ya utando, kwa sababu ni afadhali kupoteza RNA kidogo kuliko kuvuta DNA pamoja nayo.

Hata hivyo, protini utakayopata itakuwa imepoteza umbo lake la asili: inafaa kwa kupima uwepo wake kwa kingamwili, lakini haifai kupima utendaji wa kimeng'enya.